Pijo haikuuawa na barabara

Pasaka ya mwaka 1975, Lancia ya Italia ilileta Kenya gari la kutisha. Stratos ilikuwa imeundwa kwa kazi moja tu, mashindano: fupi, imelala chini kama mjusi, na mgongoni mwa dereva kuna injini ya V6 ya Ferrari. Usukani walishika Sandro Munari na Björn Waldegård, watu wasiohitaji kutambulishwa kwa mtu yeyote aliyefuatilia mbio za magari. Safari Rally ilipomalizika, Stratos zile zilikuwa za pili na za tatu. Aliyewatangulia ni Ove Andersson wa Sweden, akiwa ndani ya Peugeot 504: milango 4, buti la kuwekea masanduku, kiti cha nyuma cha watoto watatu. Gari la baba.

Kisa hicho kimesimuliwa Afrika Mashariki kwa nusu karne sasa, na karibu kila msimulizi hukitia nanga palepale: Pijo, yaani Peugeot, haifi. Nimelisikia neno hilo kwa mafundi, kwa wazee waliohifadhi funguo za gari lililokwisha uzwa kama chuma chakavu, hata kwa vijana waliozaliwa baada ya gari lenyewe kuacha kutengenezwa. Nalipenda, ila silikubali. Pijo zilikufa, tena sana. Zilikufa Mtito Andei, zikafa Korogwe, zikafa usiku porini na abiria ndani na kuku juu ya keria. Jambo ni kwamba zilikuwa zinafufuka. Kutokufa na kufufuka si kitu kimoja, na mtu asiyetofautisha mambo hayo mawili hawezi kueleza kwa nini leo unaweza kutoka Mombasa hadi Malaba usihesabu hata 504 kumi.

Turudi kwanza lilikozaliwa, maana hata kuzaliwa kwake kulikuwa kwa taabu. Peugeot ni kampuni ya ukoo kutoka mashariki ya Ufaransa, si mbali na mpaka wa Uswisi. Walikuwa watu wa misumeno, baiskeli na visagio vya pilipili kabla hawajawa watu wa magari. Kiwanda chao kikuu kiko Sochaux. Huko, mwanzoni mwa 1968, mrithi wa 404 alikuwa karibu tayari kutolewa. Halafu ukaja ule mwezi wa Mei ambao Wafaransa hawajausahau hadi leo: wanafunzi wa Paris wakaanza, wafanyakazi wakafuata, nchi ikasimama. Sochaux nayo ikagoma. Tarehe 11 Juni polisi wa kutuliza ghasia waliingia kiwandani, na siku hiyo wafanyakazi wawili wakapoteza maisha: Pierre Beylot kwa risasi, Henri Blanchet kwa kuanguka kutoka ukutani. Gari lililokuwa litolewe kwa shangwe likasubiri. Waandishi wa habari walilionyeshwa Septemba, umma ukaliona Oktoba kwenye maonyesho ya magari ya Paris.

Huwa nalikumbuka hilo kila ninaposoma makala za wapenzi wa magari ya zamani, ambamo 504 huonekana kana kwamba ilishuka kutoka mbinguni ikiwa imepakwa rangi tayari. Ilitoka kwenye mikono ya watu waliokuwa wamezika wenzao wiki chache kabla.

Umbo lilichorwa na Pininfarina wa Turin, nyumba ya wachoraji waliokwisha wachorea Peugeot 403 na 404. Safari hii waliacha ile mistari iliyonyooka kama rula, wakampa mteja wa kawaida kitu chenye mkunjo. Taa za mbele zilikuwa pana kwa ndani na zilizochongoka kwa nje, na wengi wakazilinganisha na macho ya Sophia Loren. Nyuma, buti halikukaa sawa. Liliteremka ghafla kama mtu aliyekunja kiuno kuokota kitu. Wapo walioliona baya. Mimi naona ndilo linalokufanya ulitambue gari hili kwa mbali, hata likiwa limefunikwa na vumbi la Taru. Wanahabari wa magari wa Ulaya walilichagua Gari la Mwaka 1969, mbele ya BMW 2500 na Alfa Romeo 1750.

Na ile namba ina kisa chake. Tangu 201 ya mwaka 1929, Peugeot walishikilia desturi ya tarakimu tatu zenye sufuri katikati, na waliilinda kama mtu anavyolinda mpaka wa shamba. Porsche walipotoa gari waliloliita 901, Peugeot wakasema hapana, sufuri hiyo ni yetu. Wajerumani wakaondoa sufuri wakaweka moja. Kila unapomsikia mtu akijivunia 911 yake, jua kwamba jina hilo ameachiwa na watu wa Sochaux.

Sasa fungua boneti, maana huku ndiko hoja yangu iliko.

Injini ya mwanzo ilikuwa ya silinda 4, ujazo wa sentimita za ujazo 1,796. Mwaka 1970 ikaongezwa hadi 1,971, na mwishoni mwa mwaka huo dizeli nayo ikaingia. Hakuna kati ya hizo iliyokuwa ya ajabu. Ilikuwa injini ya ukoo uleule wa 404, yenye kipande cha chini cha chuma na kichwa cha alumini. Ila ndani ya chuma kile silinda hazikuchongwa moja kwa moja. Ziliwekwa laina, yaani mabomba ya chuma yanayochomolewa, na maji ya rejeta yanayagusa kwa nje. Pistoni zikila ukuta wa silinda hadi gari lianze kunywa oili na kutoa moshi wa buluu, huhitaji kulipeleka kwenye mashine kubwa ya kuchonga silinda. Unashusha kichwa, unafungua sampu, unachomoa laina nne pamoja na pistoni zake, unatia seti mpya na gasketi mpya. Fundi mwenye kichwa kizuri aliweza kuifanya kazi hiyo chini ya mwembe. Wengi waliifanya chini ya mwembe.

Mtu wa kompyuta akuambie atakavyo kuhusu ubunifu. Kwangu mimi huo ndio ubunifu mkubwa uliowahi kuletwa Afrika ndani ya gari la familia. Wahandisi wa Sochaux hawakuufikiria kwa ajili ya gereji za Gikomba, Nairobi, au Gerezani, Dar es Salaam. Laina za aina hiyo zilikuwa desturi ya kawaida kwa Wafaransa. Citroën walizitumia, Renault walizitumia. Lakini desturi ya mahali pamoja inaweza kuwa muujiza mahali pengine, hasa mahali ambapo mashine ya kuchonga silinda iko mjini, mji uko kilomita 200, na gari la kukupeleka mjini ndilo hilo lililokufa.

La pili lilikuwa chini ya gari. Saloon ya 504 ilikuwa na springi za koili kwenye magurudumu yote 4, na kila gurudumu la nyuma lilijitegemea. Springi zenyewe zilikuwa ndefu na laini. Gurudumu lilishuka shimoni, likapanda, likashuka tena, huku mwili wa gari ukielea kama dau kwenye mawimbi madogo. Viti vilikuwa vya sponji nene. Mtu aliyezoea Land Rover, ambayo ilikuwa ikikupiga ngumi za figo kutoka Nairobi hadi Garissa, alipopanda 504 alidhani barabara imetengenezwa jana. Mtindo wa station wagon, na baadaye pikapu, ulikuwa na ekseli moja nzima nyuma, ngumu zaidi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kubeba. Mwaka 1973 Peugeot walitoa hata saloon ya bei nafuu, 504 L, yenye ekseli nzima na ile injini ndogo. Kwa walaji wa raha ilikuwa hasara. Kwa mtu wa kijijini ilikuwa kitu kimoja kidogo cha kuharibika.

Jina la Peugeot lilikuwa limejengwa hapa kabla 504 haijafika. Lilijengwa na 404. East African Safari ya 1963 ilianza na magari 84 na kumaliza na 7. Mshindi: Nick Nowicki, kwenye 404. Mwaka 1968 mvua ikarudia hadithi, magari 93 yakaanza, 7 yakamaliza, na mshindi akawa Nowicki yuleyule kwenye 404. Katikati ya miaka hiyo, 1966 na 1967, alishinda Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Tanzania, naye kwenye 404. Safari ya zamani hizo haikuwa mbio za uwanjani. Ilikuwa takribani kilomita 5,000 za matope, mito iliyofurika na punda wasiojua sheria za barabarani, na njia yake ilizunguka Kenya, Uganda na Tanzania. Watoto walisimama kando ya barabara wakizitaja namba za magari kabla hawajajifunza jedwali la kuzidisha. Matangazo ya bure kama hayo, kampuni za leo zingelipa mabilioni kuyapata.

Ila ukiisoma orodha ya washindi wa Safari kama mfanyabiashara, si kama shabiki, utaona jambo jingine. Datsun inashinda 1970, inashinda 1971, inashinda tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Joginder Singh anashinda 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Halafu Mehta na Datsun wanashinda mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Ushindi wa 504 wa 1975, na ule wa Jean-Pierre Nicolas wa 1978 kwenye 504 ya milango miwili yenye injini ya V6, unakaa katikati ya Wajapani hao kama visiwa viwili wakati maji yanajaa. Wazungu walirudi kushinda baadaye, Audi na Lancia miongoni mwao, lakini wakati huo hakuna aliyekuwa akinunua Lancia ya kupelekea watoto shule Nakuru. Orodha ya washindi ilikuwa imekwisha sema soko linakwenda wapi, miaka 10 au 15 kabla ya soko lenyewe kufika huko. Hatukuisoma.

Peugeot wenyewe walielewa mapema kwamba Afrika si mahali pa kutupia mabaki. Machi 1975, mwezi uleule wa ushindi wa Andersson, Nigeria ilifungua kiwanda cha Peugeot Kaduna, na 504 ikaunganishwa huko hadi katikati ya miaka ya 2000. Argentina waliendelea nayo hadi 1999. Kenya iliiunganisha Mombasa, na pikapu, iliyokuwa ikibeba zaidi ya tani moja mgongoni, ndiyo iliyoishi muda mrefu kuliko ndugu zake, ikavuka hadi karne hii. Ufaransa ilikuwa imeiacha saloon tangu 1983. Yaani kwa zaidi ya miaka 20 saloon ya Kifaransa ilikuwa hai ughaibuni lakini si Ufaransa. Kwa jumla zilitengenezwa zaidi ya milioni 3.

Nigeria ya miaka ile inatufundisha kitu kuhusu cheo. Serikali ya Jenerali Obasanjo, katika siasa zake za kujishusha, iliwataka wakubwa wa serikali waache Mercedes na kupanda 504 iliyounganishwa nyumbani. Sisi huku tulikuwa na neno letu kwa ugonjwa huo huo: Wabenzi. Kabila jipya lililozaliwa na uhuru, lisilo na kijiji wala lugha, linalotambulika kwa nyota ya boneti. Ajabu ni kwamba hatukuwahi kuwa na Wapijo. Neno hilo lisingechekesha. Mwenye Pijo hakuwa kabila, alikuwa jirani: mwalimu mkuu, daktari wa wilaya, meneja wa chama cha ushirika, mfanyabiashara wa nafaka mwenye tumbo la kiasi. Baridi kali ilipounguza mibuni ya Brazil mwaka 1975 na bei ya kahawa ikapaa 1976 na 1977, pesa iliyoingia milimani iligeuka mabati, karo na, kwa waliobahatika zaidi, Pijo. Lilikuwa gari kubwa bila kuwa la mkubwa. Unaliheshimu lakini huliogopi. Polisi hakulipigia saluti, ila hakulisimamisha hovyo.

Halafu wasiokuwa na gari nao wakaipata, kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1973 Mzee Kenyatta alitoa tamko lililoziruhusu matatu kufanya kazi bila leseni ya biashara ya abiria, na biashara iliyokuwa ya kujificha ikatoka juani. Mjini zilitamba zile pikapu zilizofungwa maboksi ya mabati. Safari ndefu ilikuwa ya Pijo: station wagon ya 404 kisha 504, safu 3 za viti, mizigo juu ya keria imefungwa kwa kamba ya katani. Nairobi hadi Nakuru, Nairobi hadi Namanga, na upande wa pili wa mpaka Namanga hadi Arusha. Basi lilikuwa la watu wenye muda. Pijo ilikuwa ya watu wenye haraka na shilingi chache za ziada. Afrika Magharibi walifika palepale bila kutuuliza: Senegal teksi hiyo inaitwa kwa Kifaransa "viti saba" hadi leo.

Viti saba, kwa Senegal. Kwetu hesabu ilikuwa ya dereva. Mimi nilisafiri utotoni kwenye safu ile ya mwisho, juu ya ekseli, magoti kidevuni, mtu mzima asiyenihusu amenipakata kwa sababu "mtoto halipi kiti". Dirisha la pale halifunguki vizuri. Harufu ya petroli, ya ndizi mbivu, ya koti la mvua la mtu. Nasema haya kwa sababu siku hizi kila aliyewahi kupanda Pijo anakumbuka springi laini, hakuna anayekumbuka kwamba gari lililojaa hivyo, mikanda haifiki nusu ya abiria, likikimbizwa kilomita 120 kwa saa kwenye mteremko, lilikuwa jeneza la familia nzima za watu. Uimara wa gari haukumlinda mtu aliyekuwa ndani yake. Ulilinda mtaji wa mwenye gari. Na lilikunywa mafuta. Baada ya bei ya petroli kupanda mwaka 1973 na tena 1979, mwenye saloon ya petroli wa mshahara wa serikali aliitumia Jumapili na kwenye misiba.

Basi ni nini kiliiua?

Jibu la baa ni kwamba Toyota ni imara zaidi. Labda. Lakini Toyota za miaka ya 1970 zilikuwepo hapa pamoja na Pijo na hazikuifukuza. Jibu la pili ni kwamba Wafaransa waliacha kutengeneza gari la maana. Hilo lina ukweli kidogo; 505, iliyotoka 1979, ilikuwa gari zuri sana na iliendelea na kazi ya teksi kwa heshima, lakini baada yake Peugeot waligeukia magari yanayovuta kwa magurudumu ya mbele, yenye umeme mwingi, yaliyolenga barabara za lami za Ulaya. Bado hilo halielezi kwa nini Dakar na Bamako Pijo ziliendelea kutamba muda mrefu baada ya Dar es Salaam na Nairobi kuzisahau. Barabara za Mali si bora kuliko zetu.

Jibu langu ni jepesi hadi linaudhi: tunaendesha kushoto.

Hadi miaka ya 1980, gari jipya lilikuwa jambo la kibali. Serikali zilibana fedha za kigeni, na katika mazingira hayo aliyekuwa na kiwanda cha kuunganisha magari, wakala na ghala la spea alikuwa mfalme. Kisha milango ikafunguliwa. Tanzania, kuanzia 1984, iliwaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni bila kuulizwa sana zimetoka wapi. Kenya ililegeza uagizaji mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ghafla mwalimu mkuu hakulazimika kuchagua kati ya gari jipya asiloliweza na kutembea kwa miguu. Aliweza kununua gari lililotumika, mtumba, kama shati.

Mtumba wa gari, tofauti na wa shati, una upande. Afrika Mashariki ya Waingereza inaendesha kushoto, usukani uko kulia. Japan nayo inaendesha kushoto. Na Japan ina kawaida ya kuyaacha magari yangali mazima, kwa kuwa ukaguzi wa lazima wa huko unazidi kuwa ghali kadiri gari linavyozeeka. Meli zikajaa, nyingine zikipitia Dubai, ambako wafanyabiashara wetu walikuwa wakienda na kurudi na mifuko ya dola. Ufaransa inaendesha kulia. 504 iliyochakaa Lyon au Marseille haikuwa na njia ya kuja Mombasa bila kugeuzwa usukani. Ilikuwa na njia ya kushuka Algeria, kuvuka Sahara na kuuzwa Niamey au Gao, na vijana wa Kizungu walifanya hivyo kwa maelfu, wakiyaendesha wenyewe jangwani na kurudi kwao kwa ndege. Afrika Magharibi ikapata mtumba wa Pijo. Sisi tukapata mtumba wa Corolla.

Na mtumba hauji peke yake. Unakuja na spea zake: injini nzima zilizotolewa kwenye magari yaliyokatwa Japan, giaboksi, milango, taa, hata viti, vyote kwenye kontena moja. Duka la spea la Grogan, Nairobi, lenye rafu kumi likaanza kuweka za Toyota kwenye rafu sita, kisha nane. Kijana aliyeingia gereji kujifunza kazi alijifunza kilichokuwa mbele yake. Yule mzee aliyeweza kuchomoa laina za 504 akiongea na wewe kuhusu siasa alizeeka, na mwanafunzi wake alikuwa anajua kubadilisha injini nzima ya Toyota, ile ya 5A, kwa saa chache, kwa sababu ni rahisi kuliko kuifungua. Hapo ndipo ufufuo ulipokoma. Laina bado zilikuwa zinachomoka. Hakuna aliyekuwa na za kurudishia, na aliyekuwa nazo alizitoza bei ya kumbukumbu.

Nimesikia watu wakisema kwamba ni uzembe wa wakala, au ubaya wa serikali kuruhusu mitumba iue viwanda vya kuunganisha. Lawama zipo za kutosha kila mtu achukue fungu lake. Ila simwoni mwalimu mkuu kama msaliti. Alipewa gari la miaka saba lenye kiyoyozi, linalokwenda kilomita 14 kwa lita, lenye spea kila kona, kwa bei ya nusu ya Pijo mpya. Ningefanya alivyofanya. Baba yangu alifanya alivyofanya.

Kuna Pijo moja iliyokuwa na bahati tofauti. Mwaka 2011 Rais wa Iran, Mahmoud Ahmadinejad, aliipiga mnada 504 yake nyeupe ya mwaka 1977 kwa ajili ya hisani, na bei iliyotangazwa ilikuwa dola milioni 2.5. Siasa ndiyo iliyonunuliwa pale, si chuma. Hata hivyo nilicheka nilipoisoma, nikawaza habari za 504 za namba za zamani za Kenya, zile zisizo na herufi ya mwisho, zilizouzwa kwa kilo kule Kariobangi.

Mwaka 2017 Peugeot walirudi Kenya kwa sherehe. Magari yangeunganishwa Thika: 3008, ambalo ni gari la juujuu kama yapendwavyo siku hizi, na 508, saloon kubwa ya familia, mjukuu halali wa 504 kwa damu na kwa namba. Nilikwenda kuliona la 508 mahali lilipokuwa likiuzwa. Kijana wa mauzo alinieleza habari za skrini, kamera ya nyuma na kiti kinachokanda mgongo, na alikuwa kijana mwenye adabu sana. Nikamwomba afungue boneti. Akaifungua. Injini yote ilikuwa imefunikwa na plastiki nyeusi yenye nembo ya simba katikati, safi kama sinia la harusi. Nikamuuliza kama silinda zake zina laina za kuchomoka. Akatabasamu, akasema angeniulizia kwa mafundi, akaandika namba yangu kwenye kikaratasi. Bado nasubiri simu.